Mtu-Farasi Mwenye Uso wa Charo

Ukiingia ukumbi wowote wa maana hapa Maskat ukainua macho, yale maua ya dari, zile pindo za ukutani, zile nguzo zinazokaa kama marumaru na si marumaru, jua umeona kazi yangu au kazi ya mtu niliyemfundisha mimi. Silingi. Nasema hivi ili msomaji ajue anayezungumza naye ni nani. Shule niliiachia darasa la nne, na leo wahandisi wenye vyeti ndani ya vioo wakishindwa na dari hunipigia mimi simu. Basi mwaka jana alinipigia mmoja wao, kijana wa Kiomani mwenye adabu, aliyelelewa na bibi yake kwa Kiswahili. Akaniambia, "Mzee Kahindi, ule mkahawa wa Kigiriki wa ufukweni umeuzwa. Wenyewe wapya hawautaki ulivyo, tunabomoa ndani kote. Kuna masanamu mle, nusu watu nusu wanyama. Tutayaponda pamoja na dari." Nilikuwa nimesimama katikati ya karakana yangu hapa Ghala, mafundi wananitazama, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la jibsi, ule unga mweupe wa plasta, kwa suruali yangu nzuri. Nikamwambia, "Mwanangu, usiguse kitu. Kazi ya kubomoa nimeichukua mimi." Akashangaa, mtu wa kujenga kama mimi na kubomoa wapi na wapi. Mle ndani alikuwamo Charo.

Habari za ukoo wangu naziruka, kila mtu ana ukoo. Naanzia mwaka ule nilipokuwa kijana, sijaoa, sina hata godoro langu, mimi na Charo tukikaa chumba kimoja juu ya karakana ya Bwana Nassor, hapa hapa Ghala, nyuma ya magereji. Sote wawili Wagiriama wa upande wa Kilifi, sote tumebatizwa, ila yeye alifika kidato cha pili na Kiingereza alikijua, mimi nilikuwa na mikono. Chumba kile bado nakiona. Vumbi la jibsi lilipanda ngazi pamoja nasi jioni, likalala juu ya mablanketi, juu ya sufuria, juu ya sabuni. Tulikula ugali mweupe kwa mikono myeupe, na samaki mkavu ambaye ukimpiga kwenye ukingo wa dirisha alitoa wingu. Charo akiniamsha asubuhi kope zake nyeupe, nywele nyeupe, midomo tu ndiyo ya mtu hai. Husema, "Kahindi, amka, wewe maiti gani unakoroma?" Nilicheka wakati ule. Sasa nikiikumbuka ile sura mlangoni, sioni tena kilichonichekesha.

Bwana Nassor alikuwa Mwarabu kwa asili na Mzanzibari kwa kuzaliwa, na aliajiri watu wa pwani yetu kwa sababu moja ambayo hakuificha: mamake, Bi Zuwena, apate watu wa kuzungumza nao. Bibi yule kila baada ya sala ya alasiri aliletwa na gari, akawekewa kiti cha plastiki mlangoni pa karakana, na chupa ya kahawa, na kisahani cha halua. Tulimwendea mmoja mmoja. "Shikamoo Bibi." "Marhaba mwanangu. Mbona umekonda? Huyo mwanangu hakulisheni?" Na Bwana Nassor yuko hapo hapo, anasikia. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya karakana ile, si mwanawe. Alisema, "Maua, fanyeni. Majani, fanyeni. Akija mtu anataka sanamu lenye roho, mwanangu hana nguvu za kukataa riziki, nnamjua. Lakini sanamu halilali na kichwa chake humu ndani. Kichwa mbali, kiwiliwili mbali. Vikakutane huko huko kwa mwenyewe. Na kalibu la uso likishatoa uso mmoja, livunjwe." Kwa hiyo tulijifunza kumwaga kichwa peke yake, na shingoni tukaacha bolti ya chuma, na kichwa kikafungwa kwa nati siku ya kukabidhi kazi. Mafundi wa karakana nyingine walitucheka. Mimi mpaka leo nafanya hivyo hivyo, na kila fundi wangu atakwambia sababu ni kusafirisha kwa urahisi, maana ndivyo nilivyomwambia.

Ile kazi ya mkahawa ilikuja na mwanamke wa Kigiriki, jina lake Eleni, mchoraji, mrefu, anavuta sigara akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Mwenye mkahawa alimtaka ajaze ukumbi mzima viumbe vya kale vya kwao. Alileta kitabu kizito cha picha za vyungu, akakifungua juu ya meza ya kukandia, tukakiinamia sote na vumbi letu. Vyungu vyenyewe vilikuwa vyekundu na viumbe vyeusi, vingine vyeusi na viumbe vyekundu. Mwanamume kuanzia juu, farasi kuanzia kiunoni, ameshika tawi la mti kama rungu. Ndege mkubwa mwenye makucha, na juu yake kichwa cha mwanamke kimesukwa vizuri. Mtu mwenye kichwa cha fahali, amepiga goti, anachomwa upanga. Wanaume wenye mikia ya farasi na masikio ya farasi, wanacheza na vikombe mkononi. Simba jike mwenye mabawa na uso wa msichana, amekaa kimya anakutazama. Eleni alikuwa na majina ya wote, Charo akayatamka mpaka akayaweza. Sisi wengine tuliwapa ya kwetu, Mtu-Farasi, Bi Ndege, Bwana Fahali.

Bi Zuwena aliitisha kitabu aletewe pale kwenye kiti chake. Akavaa miwani. Akafika kwa wale wenye mikia, akafunika ukurasa kwa kiganja. "A'udhu billahi. Hawa si wa Kigiriki. Hawa nnawajua, walikuwa kwetu Unguja, mtaa wa Ng'ambo." Akatusimulia yule mwanamke mzuri aliyepita na buibui lake jioni, kijana akamfuata, upepo ukainua upindo, akaona kwato za punda. Kijana akakimbia mpaka akamkuta mzee anauza njugu, akamwambia mzee wangu, nimeona mtu ana kwato! Mzee akainua kanzu yake taratibu, akamuuliza, "Kama hizi?" Tulipiga kelele kama watoto. Bwana Nassor alisema, "Mama, wanaogopa, nani atafanya kazi?" Akajibu, "Waogope. Anayeogopa hufanya kazi vizuri." Charo akamtafsiria Eleni kisa kile kwa Kiingereza, na Eleni hakucheka. Alisema kitu kirefu, na Charo akaturudishia kwa Kiswahili: huko kwao Bi Ndege na yule msichana-simba walikuwa wakisimamishwa juu ya makaburi. Wanachongwa kwa mawe, wanawekwa hapo wamlinde maiti, wamlilie. Charo akanigeukia mimi peke yangu. "Kahindi, unasikia? Hawa ni vigango vyao."

Kwa asiyejua: kwetu Giriama mzee wa heshima akifa husimamishiwa ubao uliochongwa sura ya mtu, ndicho kigango. Mtu wa kawaida husimamishiwa kijiti kidogo, tunakiita koma. Husimamishi kwa kupenda. Unangoja marehemu aje ndotoni kwa ndugu yake, alalamike baridi, au njaa, au amesahauliwa. Basi hapo anajengewa. Sisi Wakristo tunaambiwa tuyaache hayo, na tunayaacha, mpaka siku ya kuota.

Eleni alitaka Mtu-Farasi awe na uso wa mtu wa kweli, utolewe kwa kalibu juu ya mtu hai. Nilivua shati mbele yake bila kuombwa. Kifua changu wakati ule, ulizeni waliokuwapo. Alinitazama, akatazama na wengine, akamnyoshea kidole Charo aliyekuwa pembeni anakoroga jibsi. Alisema ana uso wa mtu anayesubiri jibu. Mimi mpaka leo nasema kwa kifua alikosea. Kwa uso sisemi kitu.

Tulimpaka Charo mafuta mwili mzima, nyusi tukazigandisha kwa sabuni, masikioni tukamjaza pamba nyingi na juu yake kitambaa, puani mirija miwili ya soda. Halafu vitambaa vilivyoloweshwa jibsi, tabaka juu ya tabaka, mpaka Charo akaisha, pakabaki kitu cheupe kimesimama na mirija miwili inayopumua. Jibsi ikianza kushika hupata joto, na anayefungwa hawezi kusema wala kutikisika, sharti awaamini walio nje. Sisi tulikaa kuzunguka tukangoja, na kwa kuwa tulijua hasikii, tukamsema. Mmoja alisema Charo anajipendekeza kwa Bi Zuwena ndiyo maana anapewa halua ya juu. Mwingine akasema Charo anaogopa wanawake, hata barua ya mchumba anaandikiwa. Mimi nikasema huyu akirudi kwao na fedha mamake atamweka kwenye kabati la vyombo. Tukacheka. Na katikati ya kicheko, ile mirija: fyuu, fyuu, kama mtu anapuliza chupa mbali sana. Nikasogea karibu nikasikiliza. Nikapata hamu ya kumfungua pale pale kabla ya wakati. Sikufanya, kazi ingeharibika, na mimi sijaharibu kazi katika maisha yangu.

Tulipomfungua alitoka amejaa jasho, amefumba macho, akauliza, "Nani kasema kabati la vyombo?" Kumbe pamba haikuziba kitu! Tulikimbizana karakana nzima.

Uso ulitoka vizuri ajabu, mpaka mstari mdogo wa kovu juu ya mdomo alilolipata alipoanguka mnazini utotoni. Ila masikio hayakuwapo, pamba ilifanya mabonge mawili. Eleni akasema haidhuru, wenye asili ya farasi katika vyungu vile wengi wana masikio ya farasi, akatuchongea jozi moja marefu yaliyosimama. Kosa lingine lilikuwa letu wote: hakuna aliyetuambia tuishie kiunoni. Tulimfunga Charo jibsi kutoka kichwani mpaka nyayoni, na tukamwaga miguu yake yote, na kidole chake cha kushoto kilichopinda. Bwana Nassor alishika kichwa, farasi atakaa wapi? Eleni alipindua kurasa za kitabu mpaka mwanzo kabisa, akatuonyesha Mtu-Farasi wa zamani kuliko wote wale. Mbele alikuwa mtu mzima, magoti na nyayo, na nyuma amebandikwa kiwiliwili cha farasi na miguu miwili, kama mtu anayeburura kitu ambacho hakukiomba. Akasema tufanye hivi, hakuna mkahawa mwingine wenye huyu. Halafu akatuonyesha mmoja wa udongo, mdogo, ana jeraha gotini. Alisema huyu alifukuliwa makaburini, na kichwa chake kilikuwa katika kaburi moja, kiwiliwili katika kaburi lingine. Charo alipomtafsiria Bi Zuwena, bibi yule aligonga kiti kwa furaha. "Si nshawaambieni! Hata makafiri wa kale walijua."

Tukavipeleka mkahawani, kichwa gari moja, mwili gari lingine. Nikakaza nati kwa mkono wangu mwenyewe huku Charo akinishikia ngazi. Alikitazama kile kichwa chake na masikio ya farasi na tawi juu ya meza za watu, akasema, "Mama akiniona hivi atauliza kama huku wanatulisha majani." Jioni ile kalibu la uso tulilivunja kwa nyundo, kama ilivyoamriwa.

Mvua ilinyesha mwezi mmoja baadaye, na hapa Maskat haikunyesha hata tone. Hilo ndilo watu wa kwetu hatulijui tunapofika: maji ya wadi, yale mabonde makavu ya mchanga, hayatoki kwenye wingu unaloliona wewe. Yanatoka milimani, ambako wewe hupo, na yanafika jua likiwaka. Ilikuwa Ijumaa. Charo alichukua pikapu ya karakana kwenda Mawaleh, kwenye soko la mboga, maana Ijumaa mchana wenye vibanda huuza kwa bei ya kutupa nyanya zilizoanza kulegea. Aliniuliza kama nataka chochote, nikamwambia pilipili. Wakati wa kurudi aliingia wadini kama kila mtu alivyoingia kila siku, mchanga mkavu kabisa, na watu waliokuwa ng'ambo wanasema walimpungia mikono na kupiga kelele, akawapungia na yeye. Pikapu tuliikuta imelala ubavu chini ya mti wa mshita, matope mpaka kwenye usukani, na kasha la nyanya limekwama nyuma ya kiti, nyanya nzima nzima. Charo hakuwamo. Tulitembea wadi yote mpaka inapomwagika baharini kule Azaiba, askari, mafundi, Wabaluchi wa magereji, Bwana Nassor na kanzu yake imekunjwa magotini. Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa. Bahari haikumrudisha.

Nikapewa mimi kazi ya kupiga simu. Kijijini simu ilikuwa dukani, mamake akaitwa, nikasikia pumzi zake alivyokimbia. Nikamwambia. Akaniuliza, "Umemwona?"

"Sijamwona, mama. Tumetafuta kila mahali."

"Basi hukumwona."

"Mama, maji yale…"

"Kahindi mwanangu, usinipe tanzia ya mtu ambaye hukumwona. Matanga siketi. Mimi mwanangu nitaamini amekufa nikimshika."

Akarudisha simu kwa mwenye duka. Na hakuketi matanga. Wakaja wazee, akaja mchungaji, akawakaribisha chai, akawaambia Charo amechelewa. Sahani yake akaendelea kuipakua. Hilo nililisikia kwa kila mtu aliyetoka kule, na kila aliyelisema alilisema kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo ndipo Charo alipoanza kunijia. Haji usiku. Hapa mchana wa jua kali kila mtu hujilaza baada ya chakula, na ni katika usingizi ule mzito wa saa nane ndipo alipokuja, akakaa upande wa miguu yangu, mweupe wote, na mabonge mawili mahali pa masikio. Hakulalamika baridi. Hakuomba kitu. Alipumua tu: fyuu, fyuu. Nikimwita hasikii. Nikiamka godoro lake liko wazi, na kiyoyozi kibovu kinapuliza. Nilimwambia Bwana Nassor abadilishe kiyoyozi, akabadilisha, mtu mwema yule. Charo akaja vile vile.

Nilijua anachotaka kabla sijaambiwa. Alikuwa na uso mmoja tu uliobaki duniani wa kushikika, na ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya watu wanaokula kamba na kucheka. Nikaenda kwa meneja wa mkahawa, Mlebanoni, nikamwomba kile kichwa. Nikamwambia nitamtengenezea kingine kizuri zaidi, mchana na usiku nitafanya kazi. Hakunielewa, au alinielewa. Alisema wageni wanampenda yule, wanapiga naye picha, ana uso. Bwana Nassor alikwenda mwenyewe na Bi Zuwena ndani ya gari. Bibi alitaka kushuka akamseme meneja kwa Kiswahili, mwanawe akamzuia. Haikusaidia. Walipotoka bibi aliniita dirishani, akanishika mkono uliojaa vumbi. "Mwanangu, nilisema vichwa visilale na viwiliwili vyao karakana. Sikusema vilale kwa watu wasiowajua." Nilimpigia mamake Charo simu nikamwambia kuhusu ule uso. Nilidhani atafurahi. Aliuliza, "Na wewe anakujia?" Nikakiri. Akasema kwa uchungu ambao haujanitoka, "Mimi mamake hajanijia hata siku moja. Kwako anakuja kufuata nini?"

Mwaka ule ndio ulionitengeneza, nasema wazi. Waliobaki wakirudi nyumbani mchana kulala, mimi nilikaa macho nikafanya kazi, kwa sababu sikutaka kulala. Hivyo ndivyo nilivyojifunza maua ya dari kuliko mtu yeyote Ghala. Bwana Nassor alipozeeka akaniachia karakana, nikaipanua, nikahamia Darsait kwenye nyumba yenye lifti, nikaoa. Nikawa mtu wa kuketi mkahawani mle kama mteja. Meza yangu ilijulikana, ile ya pembeni, chini ya tawi. Mke wangu aliniuliza kwa nini sili, mbona unaangalia juu tu. Kila walipokarabati walimpaka rangi mpya, mara nyeupe, mara dhahabu, mara ya shaba, na kila tabaka lilimsogeza Charo nyuma kidogo, kovu la mdomo likawa mstari, mstari ukawa kivuli. Niliomba kumnunua kwa kila meneja aliyekuja. Nimenunua mengi katika mji huu kwa watu walioapa hawauzi. Kile kichwa sikukiweza.

Basi nilipopewa ufunguo niliingia peke yangu, nikawaacha mafundi nje. Ukumbi ulikuwa umezimwa umeme, mwanga unaingia kwa mlango tu. Viumbe vile vilisimama katikati ya viti vilivyopinduliwa. Bi Ndege alikuwa amevunjika bawa. Bwana Fahali alikuwa na kofia ya mtu juu ya pembe. Nikaweka ngazi mahali pale pale. Nati ilikuwa imeshika kutu, nikaimiminia mafuta, nikangoja chini nimeegemea miguu yake, yale magoti, kile kidole kilichopinda, na sikuona haya kuyashika. Ilipolegea nilikipokea kichwa kifuani. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Nyumbani nilikaa sebuleni na msasa laini, nikatoa shaba, nikatoa dhahabu, nikatoa nyeupe, mpaka kovu likatokea. Yakabaki yale masikio. Nilichukua msumeno. Mke wangu akasema kata, utampelekeaje mama mtoto mwenye masikio ya punda? Nikaweka meno ya msumeno mahali pake, kisha nikauondoa, nikaurudisha kwenye sanduku la vyombo. Mwili wake nimeusimamisha nyuma ya karakana, chini ya banda, miguu ya mtu mbele, ya farasi nyuma, shingo tupu na bolti. Mafundi wapya wakiuliza kichwa kiko wapi nawaambia kiko kaburi lingine.

Pale forodhani Mombasa askari alifungua sanduku, akafunga, akafungua tena. "Mzee, hiki nini?" Nikamwambia ni rafiki yangu. Akaita mwenzake. Walikigonga, wakakinusa, wakaniuliza mbona ana masikio hivi, nikasema ni habari ndefu, wakaniacha nipite kwa vile nilivyovaa.

Mamake Charo haoni tena. Amekuwa mdogo, amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya udongo ambayo nimemwomba mara nyingi nimjengee nyingine akakataa, Charo asije akapotea njia. Wazee walikuwa nje na koma tayari imechongwa kwa mti, wanabishana. Mmoja alisema jibsi si mwili, haizikwi. Mwingine akasema kisichozikwa ndicho kinachotembea. Niliwaacha huko. Nikapiga magoti, nikafungua kanga niliyokifungia kile kichwa, nikamwekea mapajani.

Alianza na paji. Akashuka kwenye nyusi, akafuata pua, taratibu kama anayechambua nafaka. Kidole kikafika juu ya mdomo kwenye kovu, kikasimama hapo. Kilikaa hapo mpaka nikafikiri ameshikwa na usingizi. Halafu viganja vyote viwili vikapanda pembeni, vikayakuta yale masikio, yakiwa marefu, yamesimama. Nilifumba macho.

"Kahindi. Haya ni nini?"

"Mama, ni ya kazi. Walitaka sanamu la mtu na farasi, nikaona…"

"Ni makubwa."

"Ndiyo mama. Nilitaka kuyakata."

"Usikate." Aliyapapasa mpaka nchani. "Mwache. Nimemwita miaka yote haitiki. Na sasa ayatumie."

Akaniambia nitoke, nifunge mlango. Nilitoka, lakini nilisimama dirishani, siwezi kusema uongo hapa. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa ameinama juu ya sikio moja, anampa habari. Mbuzi yule mwekundu alizaa pacha mwaka ule ule alioondoka, na pacha wakazaa. Dadake ameolewa Kaloleni, mume ni mtu wa makamo lakini hampigi. Paa lilivuja upande wa jikoni, limeshapigwa bati. Mwenye duka la simu amekufa. Wazee nje walimaliza kubishana, chakula kikapoa kwenye masufuria, naye anaendelea, mwaka kwa mwaka, hakuna alichoruka.

"Na yule Kahindi ndiye aliyekuleta," nikamsikia anasema. "Ametajirika. Bado anasema sana."

Nikatoka pale dirishani, nikaenda kuwasaidia wazee kuchimba kaburi.